Varahamihira wa Ujjain: Mnajimu na Suala la Elimu Itokayo Ugenini

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza maisha na kazi za Varahamihira, mnajimu wa Kihindu aliyeishi Ujjain, katikati ya Bara Hindi, katika karne ya 6. Wanajimu wa Kihindu hadi leo humhesabu miongoni mwa mabwana wakubwa wa fani yao, na wanahistoria wa sayansi humtegemea kwa sababu nyingine kabisa: bila ya yeye, sehemu kubwa ya falaki ya Kihindi ya kabla ya mwaka 500, na hata sehemu ya falaki ya Kiyunani iliyosafiri kuelekea mashariki, isingejulikana. Mtu mmoja basi anadaiwa na makundi mawili ambayo aghalabu hayasalimiani.

Hoja tutakayoitetea ni kwamba ukubwa wa Varahamihira haumo katika uvumbuzi bali katika namna alivyoipokea elimu. Aliweka mbele yake mifumo mitano ya hesabu za mbingu, mingine ya wahenga wake na mingine iliyotoka nchi za mbali, akaipima, akatamka wazi upi ni sahihi na upi umepitwa. Istilahi za kigeni alizozikuta alizihifadhi pamoja na tafsiri zake. Pale ambapo hesabu iligongana na mapokeo ya dini alijaribu kuvishika vyote viwili, jambo lililomletea lawama kutoka pande mbili. Msomaji wa Kiswahili, ambaye lugha yake nayo imejengwa kwa kupokea, ana sababu ya kulifuatilia jambo hili kwa karibu.

Kwanza neno kuhusu istilahi. Katika Kisanskriti elimu yote ya nyota huitwa jyotisha, nayo Varahamihira anaigawa katika matawi matatu: hesabu ya mwendo wa sayari, usomaji wa nyota za kuzaliwa, na usomaji wa ishara za mbinguni na duniani zinazowahusu watu wote kwa pamoja. Kwa Kiswahili tuna falaki na unajimu, na katika matumizi ya kawaida maneno haya hukaribiana mno. Hapa tutaita hesabu falaki na utabiri unajimu. Msomaji hata hivyo akumbuke kwamba mpaka huo ni wetu, si wa Varahamihira. Kwake yeye, mtu anayetabiri bila ya kujua kukokotoa hastahili jina la mnajimu. Anamwita kwa dharau mwonyeshaji nyota tu.

2.0 Maisha yake

Yaliyo ya yakini ni machache. Katika ubeti wa mwishoni mwa kitabu chake cha nyota za kuzaliwa, Brihajjataka, anajitambulisha kuwa ni mtoto wa Adityadasa, kwamba elimu aliipata kwa baba yake, kwamba ni mtu wa Avanti, yaani nchi ambayo Ujjain ndiyo mji wake mkuu, na kwamba alipata fadhila ya mungu Jua mahali paitwapo Kapitthaka. Mahali hapo wengine wanapatambua kuwa ni Kayatha, kijiji kilicho karibu na Ujjain, na wengine wanapatafuta mbali zaidi kaskazini. Mtoto wake, Prithuyashas, naye alikuwa mnajimu na aliacha kitabu kidogo cha beti 56.

Majina yenyewe yanasema kitu. Adityadasa maana yake ni mtumishi wa Jua. Varaha ni nguruwe mwitu, mojawapo ya maumbo ya mungu Vishnu, ilhali Mihira ni neno lililoingia Kisanskriti kutoka lugha za Kiirani, kutokana na Mihr, mungu wa kale wa nuru na maagano. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba ukoo wake ulikuwa wa Wamaga, makuhani wa Jua ambao asili yao ilikuwa Uajemi na ambao walikwisha kukubaliwa kuwa Wabrahmani. Ushahidi mwingine unaunga mkono jambo hilo. Anapoeleza namna ya kuchonga sanamu ya Jua, anaagiza ivishwe mavazi ya watu wa kaskazini, ifunikwe tangu miguuni hadi kifuani na kufungwa mshipi wa Kiirani, na anasema kwamba wanaostahiki kuiweka hekaluni ni Wamaga. Ikiwa dhana hii ni sahihi, basi mtunzaji mkuu wa unajimu wa Kihindu alikuwa mjukuu wa wageni.

Kuhusu tarehe, tegemeo letu ni mwaka ambao hesabu za kitabu chake cha falaki, Pancasiddhantika, zinaanzia: mwaka 427 wa kalenda ya Shaka, yaani mwaka 505. Namna alivyouandika mwaka huo inafaa kutajwa. Washairi wa sayansi wa Kihindi hawakupenda kuandika tarakimu ndani ya beti. Walitumia majina ya vitu vinavyojulikana kwa idadi yake: mwezi ni moja, macho ni mbili, Veda ni nne. Varahamihira anataja saba, kisha Ashvini, miungu pacha, kisha Veda. Na kwa kuwa husomwa kuanzia mamoja, tunapata 7, 2, 4, yaani 427. Watafiti wa miswada ya Kiswahili waliokwisha kukokotoa tarehe kwa hesabu ya abjadi wataiona mara moja haja iliyozaa mbinu hii: tarakimu huharibika mikononi mwa wanakili, ilhali neno lililofungwa na vina au mizani ya ubeti halibanduki kirahisi.

Mapokeo ya baadaye yanasema alifariki mwaka 587. Kama mwaka 505 ndio aliotungia kitabu, ingebidi awe aliishi zaidi ya miaka 80 baada ya hapo, jambo lisiloaminika. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu wanashikilia kwamba mwaka 505 ameurithi kutoka kwa mwandishi aliyemtangulia, Lata, na kwamba yeye mwenyewe aliandika katikati ya karne hiyo. Dhana hii inatuelekea zaidi.

Ipo pia hadithi mashuhuri kwamba alikuwa mmoja wa vito tisa vya baraza la mfalme Vikramaditya, pamoja na mshairi Kalidasa. Hadithi nyingine inasimulia kwamba alimtabiria mwana wa mfalme kifo cha kuuawa na nguruwe mwitu. Mfalme akamficha mtoto ndani ya jumba, na sanamu ya nguruwe iliyokuwa katika mlingoti wa bendera ikamwangukia, na kwa hiyo mnajimu akapewa jina la Varaha. Ni masimulizi matamu, lakini ya zama za baadaye. Orodha ya vito tisa inawakusanya pamoja watu walioishi karne tofauti. Mfalme ambaye yeye mwenyewe anamtaja ni mwingine kabisa, Dravyavardhana wa Avanti, na anamtaja kama mwandishi juu ya ishara za ndege na wanyama.

3.0 Mifumo mitano katika mizani

Jina la Pancasiddhantika linatokana na maneno ya tano na fundisho. Mafundisho hayo ni Paitamaha, Vasishtha, Paulisha, Romaka na Surya. Mwandishi wa kawaida wa zama zile angechagua moja, akalipa asili ya kimungu na kuyanyamazia mengine. Varahamihira anayaweka bega kwa bega, na mwanzoni kabisa anatoa hukumu: Paulisha ni sahihi, Romaka linalikaribia, Surya linayapita yote, na mawili yaliyobaki yako mbali na ukweli. Mawili hayo yaliyobaki ndiyo yenye majina matukufu. Paitamaha ni Babu, yaani Brahma mwenyewe, na Vasishtha ni mmoja wa wahenga wa Veda. Yaani mapokeo matukufu kuliko yote yameshindwa na Romaka, fundisho ambalo jina lake tu linatangaza kuwa limetoka nchi za Warumi.

Ugeni huo unathibitika kwa namba. Urefu wa mwaka katika Romaka ni siku 365, saa 5, dakika 55 na sekunde 12, na hiyo ndiyo hesabu ya Hipparchus, mwanafalaki Myunani wa karne ya 2 kabla ya Kristo, hadi sekunde ya mwisho. Katika Paulisha tunapewa tofauti ya wakati baina ya Yavanapura, mji wa Wayunani, na miji miwili ya India. Siku ya Kihindi imegawanywa sehemu 60, kila moja sawa na dakika zetu 24. Tofauti hadi Ujjain ni sehemu 7 na theluthi moja, na hadi Varanasi ni sehemu 9. Tukigeuza kuwa nyuzi tunapata 44 na 54. Yavanapura wataalamu wanaitambua kuwa Iskandaria ya Misri, na vipimo vya leo baina ya Iskandaria na miji hiyo miwili ni takriban nyuzi 46 na 53. Kwa watu wasiokuwa na saa za kubeba safarini, kosa la nyuzi moja au mbili katika umbali kama huo linastaajabisha.

Ndani ya kitabu hicho pia mna jedwali la saini 24 kwa duara lenye nusu kipenyo cha 120, pamoja na kanuni za kuzipata, na mna sura juu ya umbo la ulimwengu. Dunia, anasema, ni tufe lililosimama katikati ya nyota kama kipande cha chuma kilichoning'inia baina ya sumaku. Anawakanusha Wajaini waliofundisha kwamba yapo majua mawili yanayopokezana. Anamkanusha pia yeyote asemaye kwamba dunia ndiyo inayozunguka: ingekuwa hivyo, ndege aliyeruka asingekiona tena kiota chake, na bendera zote zingepeperuka kuelekea magharibi. Rai ya mzunguko wa dunia ilikwisha kutolewa na Aryabhata katika kitabu chake cha mwaka 499, na Varahamihira anamtaja Aryabhata kwingineko kwa jina. Hapa mkusanyaji wetu alikosea, na aliyekuwa kijana zaidi katika fikra ni yule aliyemtangulia. Lakini hoja ya ndege si ya kipumbavu. Ptolemy wa Iskandaria aliitumia hoja ya namna hiyo hiyo karne nne kabla yake, na jibu lake kamili halikupatikana hadi fizikia ya karne ya 17.

4.0 Maneno ya Kiyunani katika kinywa cha Kisanskriti

Tukija kwenye Brihajjataka, tunaingia katika eneo ambalo mwanaisimu atalifurahia kuliko mwanafalaki. Unajimu wa nyota za kuzaliwa, wenye buruji 12 na nyumba 12, haukuwa wa asili katika India. Wahindi wa kale walitumia vituo vya mwezi, 27 au 28, vinavyofanana na manazili ya Waarabu. Buruji ziliingia pamoja na vitabu vya Wayunani. Kitabu kikongwe cha namna hiyo kilichobaki ni Yavanajataka cha Sphujidhvaja, ambacho David Pingree alikichapisha mwaka 1978 akikipa tarehe ya 269 au 270. Mwaka 2013 Bill Mak aliupitia upya mswada na kuonyesha kwamba usomaji uliozaa tarehe hiyo hauna msingi imara. Suala hilo bado linajadiliwa.

Varahamihira anatoa majina ya buruji kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya tafsiri: Mesha ni kondoo dume, Vrishabha ni fahali, Simha ni simba, Kanya ni mwanamwali, Tula ni mizani. Njia ya pili ni ya kuyaacha maneno ya Kiyunani yavae matamshi ya Kisanskriti: Krios amekuwa Kriya, Tauros amekuwa Tavuri, Didymoi wamekuwa Jituma, Leon amekuwa Leya, Parthenos amekuwa Pathona, Skorpios amekuwa Kaurpya. Orodha hii haina manufaa yoyote kwa mtabiri. Angeweza kuiacha asipungukiwe na kitu. Kwa kuihifadhi ametuachia ushahidi wa namna masikio ya Kihindi yalivyoisikia lugha ya Kiyunani.

Mapambano ya njia hizo mbili yaliishaje? Katika majina ya buruji, tafsiri ilishinda. Hakuna leo asemaye Tavuri. Katika istilahi za kiufundi, mkopo ulishinda. Neno kentron, lililokuwa ncha ya bikari na kitovu cha duara, likawa kendra, nalo kwake ni nyumba nne za pembeni zenye nguvu. Leo kendra ni neno la kila siku katika Kihindi na lugha jirani kwa maana ya kitovu au kituo, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba ni la kigeni. Diametros likawa jamitra, nyumba ya saba inayokabili ya kwanza. Kenodromia, mwendo wa upweke, hali ya mwezi usio na sayari jirani, likawa kemadruma, na kwa kuwa druma kwa Kisanskriti ni mti, neno likaota mizizi ambayo haikuwa yake.

Mfano bora zaidi ni hora. Kwa Kiyunani ni saa au majira. Kwa Varahamihira ni nusu ya buruji, na pia jina la tawi zima la nyota za kuzaliwa. Mwanzoni mwa kitabu anataja kwamba wapo wasemao neno hili limetokana na ahoratra, yaani mchana na usiku, kwa kuidondosha sauti ya mwanzo na ya mwisho. Ukiondoa a- na -tra, kweli hubaki hora. Ni etimolojia ya kubuni, nzuri na isiyo ya kweli, nayo inatueleza kwamba hata katika karne ya 6 walikuwapo watu walioona haya kwamba jina la elimu yao ni la wageni. Wasomaji wa jarida hili hawatakosa mifano yao wenyewe ya maneno yaliyotafutiwa wazazi kwa njia kama hii.

Kiswahili kimepita njia zile zile. Sayari zake kina majina yaliyokuja kwa Kiarabu, Zuhura, Mirihi, Mushtara na Zohali, na buruji zake, tangu Hamali hadi Hutu, ndivyo hivyo. Kando yake limebaki neno kilimia, lenye mzizi wa Kibantu wa kulima, kwa lile kundi la nyota ambalo Wahindi huliita Krittika. Inaelekea kwamba maneno ya jembe hubaki kuwa ya nyumbani, na maneno ya kitabu husafiri na kitabu.

Je, Varahamihira aliwaonaje hao Wayunani? Katika sura ya 2 ya kitabu chake kikubwa, Brihatsamhita, umo ubeti mashuhuri, ambao pengine ameupokea kutoka kwa Garga wa kale, unaosema kwamba Wayunani, ingawa ni watu wasio safi kidini, huheshimiwa kama wahenga kwa kuwa elimu hii imestawi kwao. Sembuse Mbrahmani aliye mnajimu. Ubeti huu umetajwa mara nyingi kama sifa kwa wageni. Tukiusoma wote tunaona kwamba lengo lake ni kumkweza mnajimu wa nyumbani, na Wayunani wametumika kama ngazi. Hata hivyo ngazi haijafichwa, na huo ndio uungwana wake.

5.0 Mvua, visima na manukato

Brihatsamhita ina sura zaidi ya 100 na beti zipatazo 4000, nayo ni bahari. Mna sayari na nyota zenye mikia, mitetemeko ya ardhi, bei za nafaka, ujenzi wa nyumba na mahekalu, vito, miavuli, miswaki, ndoa na milio ya mbweha. Katika sura moja ya mwishoni anaeleza athari za sayari kwa bahari nyingi mbalimbali za ushairi, na katika kila ubeti analifumbata jina la bahari aliyoitumia. Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili wataelewa kwamba hapo mnajimu alikuwa anacheza, na anacheza mbele ya wajuzi.

Mvua ndiyo iliyompa kazi ya kila mwaka. Anafundisha kwamba mawingu hushika mimba katika miezi ya baridi, na kwamba mvua huzaliwa siku 195 baadaye. Ishara za mimba, yaani upepo, rangi ya anga na mwanga unaouzunguka mwezi, lazima zichunguzwe usiku na mchana, na kwa kuwa mtu mmoja hawezi, anamshauri mnajimu aliyelipwa vizuri aajiri wengine wanne walinde pande zote za mbingu. (Hayo maneno ya kulipwa vizuri ni yake, si yetu.) Mvua ikisha kunyesha, hupimwa kwa chombo cha mviringo chenye upana wa mkono mmoja. Wakulima wa pwani yetu waliokuwa wakihesabu makumi ya siku tangu Nairuzi kuzijua pepo na mvua wasingeona ajabu katika mwelekeo huu. Mimba ya siku 195 haina uthibitisho wa kisayansi, lakini mtu anayesubiri siku 195 huku akiwa na chombo cha kupimia anaweza kukosolewa na mbingu, na hiyo ni tofauti kubwa na mtabiri asiyepima.

Sura ya maji ya chini ya ardhi ni ndefu na ya kiutendaji. Maji, anasema, hupita ardhini katika mishipa kama damu mwilini. Anaorodhesha miti, rangi za udongo na miamba, na zaidi ya yote vichuguu vya mchwa, kuwa dalili za mahali pa kuchimba, na kina anakipima kwa urefu wa mtu aliyeinua mikono. Katika karne ya 20 wanajiolojia wa India waliichunguza sura hii kwa makini, kwa sababu mchwa kweli huhitaji unyevu.

Katika sura ya manukato tunakutana na mwanahisabati. Ukiwa na viungo 16 na ukitaka kuchagua vinne, anasema, utapata michanganyiko 1820. Na ndivyo hasa. Kisha anatoa mraba wa vyumba 16 wenye namba za vipimo, 2, 3, 5, 8 katika mstari wa juu, 5, 8, 2, 3 chini yake, kisha 4, 1, 7, 6, na mwisho 7, 6, 4, 1. Jumlisha mstari wowote, safu yoyote au mshazari, utapata 18. Haya yote ni kwa ajili ya kutengeneza uturi.

Kuna kifungu kimoja ambacho kwetu ndicho kinachomweleza zaidi. Vitabu vya zamani, anasema, vinataja kwamba jua hugeuza safari yake ya kaskazini na kusini likiwa katika nyota fulani. Sasa linageuka kwingine. Asiyeamini, anaongeza, na atazame jua linapochomoza au kutua kwa kulinganisha na alama iliyo mbali, au apime kivuli cha kijiti katikati ya duara kubwa. Maandiko ya kale yalikuwa ya kweli kwa zama zake, lakini jicho lina haki ya kuyasahihisha.

6.0 Rahu na kivuli

Hapa ndipo tatizo lake linapokuwa zito. Kwa mapokeo ya Kihindu, kupatwa kwa jua na mwezi husababishwa na Rahu, kichwa cha pepo kilichokatwa, kinachowameza wawili hao kwa kisasi. Ibada nyingi za wakati wa kupatwa zimesimama juu ya imani hiyo. Katika sura ya 5 ya Brihatsamhita, Varahamihira anauliza: ikiwa Rahu ana mwili na mwendo wa kawaida, awezaje kukamata kitu kilicho upande wa pili wa mbingu? Na ikiwa mwendo wake hauna kanuni, hesabu zetu hupatiaje? Kisha anatoa jibu. Mwezi unapopatwa, umeingia katika kivuli cha dunia. Jua linapopatwa, mwezi umepita mbele yake. Ndiyo sababu kupatwa kwa mwezi hakuanzii upande wake wa magharibi, wala kwa jua hakuanzii upande wa mashariki. Rahu si sababu.

Angeweza kuishia hapo. Badala yake anaeleza kwamba Brahma alimpa yule pepo haki ya kupata fungu la sadaka zinazotolewa wakati huo, kwa hiyo yupo karibu, na watu wakazoea kusema kwamba ndiye anayekamata. Baada ya hapo anaendelea, kwa beti nyingi, kueleza kupatwa kwa kila mwezi na kwa kila rangi kunawatabiria nini wafalme na mataifa.

Mwaka 628 Brahmagupta, mwanahisabati mkubwa kuliko yeye, alimshutumu pamoja na Aryabhata na wengine kwa kumkana Rahu, kwa hoja kwamba rai hiyo inapingana na Veda na desturi za watu wote. Ajabu ni kwamba Brahmagupta mwenyewe anakokotoa kupatwa kwa kutumia kivuli. Karne nne baadaye, takriban mwaka 1030, Al-Biruni alizisoma kurasa zote mbili. Varahamihira alimsifu kuwa mtu aliyesimama imara katika ukweli, kisha akalalamika kwamba mara nyingine hurudi upande wa Wabrahmani. Kwa Brahmagupta alishangaa zaidi, akashuku kwamba aliandika kwa hofu, akakumbuka yaliyompata Socrates.

Hatudhani kwamba Varahamihira aliogopa. Mtu mwenye hofu angeinyamazia sababu. Tunaona kwamba kwake swali la jinsi jambo linavyotokea na swali la linaashiria nini yalikuwa maswali mawili halali, na kwamba jibu la kwanza halikuliua la pili. Msomaji wa leo anayelitupa la pili hana haki ya kudai kwamba Varahamihira alilitupa pia. Kwa kipimo hicho hicho yanaanguka madai yanayozagaa siku hizi kwamba aligundua maji katika Mirihi. Katika maandishi yake yaliyotufikia hamna kitu kama hicho.

7.0 Yaliyobaki ya maandishi yake

Al-Biruni alikitafsiri kwa Kiarabu kitabu chake kidogo cha nyota za kuzaliwa, Laghujataka. Katika India yenyewe, Utpala wa Kashmir aliandika sherehe ndefu mnamo mwaka 966, akanukuu ndani yake waandishi wa kale ambao vitabu vyao vimepotea. Hendrik Kern alichapisha matini ya Brihatsamhita mwaka 1865. Vitabu vya utabiri basi vilipata wanakili wengi na washerehi hodari.

Pancasiddhantika haikupata bahati hiyo. Hakuna aliyehitaji kunakili mifumo mitano iliyokwisha kupitwa, na mafundisho yenyewe matano, kwa sura aliyoyakuta Varahamihira, yametoweka; Suryasiddhanta inayosomwa leo si ile aliyoipima. George Thibaut na Sudhakara Dvivedi walipokitoa kitabu mwaka 1889 walikuwa na miswada michache iliyoharibika. Otto Neugebauer na David Pingree walikitoa upya mwaka 1970 na 1971, na toleo la T. S. Kuppanna Sastry likatoka mwaka 1993, baada ya kifo chake. Matoleo haya hayakubaliani. Panapokuwa na neno lililovunjika, mhariri mmoja husahihisha ili hesabu ilingane na chanzo cha Kibabiloni au cha Kiyunani, na mwingine ili ilingane na mapokeo ya Kihindi, na ubeti mmoja hutoa namba mbili. Mwanafunzi atakayetaka kuinukuu namba yoyote ya Varahamihira itambidi ayafungue matoleo yote matatu kwa pamoja, kisha atazame mswada ulisomekaje kabla ya kusahihishwa.